Je, Wajua? Kilo 70,000 Zaweza Kusomeka 4,464

Kwenye gati la Mbaraki, kisiwani Mombasa, hupita shehena ya kichele, mzigo usiohesabiwa kwa magunia bali kwa uzani. Katika mitambo ya kisasa, mizani huupeleka uzani huo kwa kidhibiti, ile kompyuta sugu ya viwandani, kupitia moduli ya mawasiliano. Mojawapo ya lugha kongwe za mazungumzo hayo ni Modbus, iliyotolewa na Modicon ya Marekani mwaka 1979, na hadi leo inatumika.

Rejista ya Modbus ni kama pishi: ina kipimo chake. Hubeba biti 16, mwisho 65,535. Kilo 70,000 hazienei humo. Zikilazimishwa, husomeka 4,464. Kwa hiyo hugawanywa katika rejista mbili, na hapo ndipo mafundi wengi hukwama, kwani Modbus haikuweka kanuni ya ipi itangulie. Upande mmoja ukizipindua, kilo zile zile huwa 292,552,705! Na hakuna waya uliokatika, wala taa nyekundu iliyowaka.

Fundi, kabla hujaruhusu mzigo upite, tuma namba unayoijua, kisha isome upande wa pili.