Bwalo Linawashwa Geto

Oya mwanangu, msimu ndio huu. Septemba na Oktoba form foo wanafanya mahafali kabla mtihani wa Novemba haujawabana, na bwalo la shule linageuka klabu kwa masaa machache. Hapa Tunduma, kuanzia Mpemba hadi Sogea, kila dogo mwenye laptopu anajiita DJ. Wengi vimeo. Anatua na flashi ina ngoma elfu, hajasikiliza hata robo, anabonyeza sinki programu imlinganishie tempo, anabwata kwenye maiki. Huyo tumwite Bwana Sinki. Nusu saa haiishi, watu washarudi kwenye viti.

Mchongo wote unafanyika geto, siku kadhaa kabla, hedifoni masikioni. Dingi akikukuta atasema unamaliza umeme. Mpotezee. Dingi anaamini DJ ni mtu wa kugeuza kaseti.

Anza na faili. Ngoma za kitonga zina jina la tovuti linaropokwa katikati ya kiitikio. Bwalo limepanda mzuka, ghafla jitu linajitangaza. Aibu ya mwaka! Saka kopi safi, 320 kbps. Na usijidanganye: ngoma ya 128 ukiigeuza kuwa 320 ni kumwagia marashi kitumbua cha jana. Spika kubwa zitakuumbua. Bando linauma, kweli, kwa hiyo changeni masela watatu, mgawane folda. Kontrola mpya ya kumiksia yenyewe inakula laki kadhaa, hiyo ikodi tu.

Sasa utamu wenyewe: tempo, yaani BPM, mapigo kwa dakika. Bongo Fleva nyingi za kuchezeka zinatembea kwenye BPM 95 hadi 105 hivi. Amapiano inakaa 110 hadi 115. Singeli haina breki: 180, 200, wengine wanavuka 300. Kule Mburahati, Dar, studio ya Sisso waliikimbiza hivyo hadi Nyege Nyege Tapes wa Kampala wakatoa albamu ya "Sounds of Sisso" mwaka 2017, wazungu wakadata. Bwana Sinki akitoka kwenye amapiano ya 112 anaivuta kwa nguvu ifike 200, mwimbaji anaanza kulia kama kameza filimbi. Wakati hesabu ni ya darasa la pili! 112 mara mbili ni 224. Tafuta singeli ya 224, au chukua ya 220 uisukume kidogo. Amapiano ikipiga pigo moja, singeli inapiga mawili, na miguu inadaka yenyewe bila kuambiwa. Hakuna raha inayozidi hiyo kwenye kazi hii, mwanangu. Bwalo linapiga yowe moja. Ila gridi ya mapigo ikague mwenyewe, maana programu ikikutana na singeli ya 220 mara nyingine inakuandikia 110. Gonga kwa kidole, hesabu, rekebisha, seivu.

Bongo Fleva kibao zinaanza kuimba kabla hujakaa sawa, hazina mlango wa kuingilia. Jenga mlango. Audacity ni ya bure: kata mapigo 32 ya biti tupu, bandika mbele. Kwenye BPM 100 hizo ni sekunde 19, unashusha ngoma iliyopo taratibu na hakuna anayestuka. Amapiano shida yake ni kinyume, ngoma ya dakika saba, watu wanaenda kununua soda wanarudi haijachanganya. Weka alama mapigo 32 kabla dramu nzito haijaanguka, ndio uanzie hapo. Sauti zote zilinganishe pia. Taa nyekundu ikiwaka kwenye mikisa, hiyo siyo nguvu, hizo ni spika zinakufa.

Halafu tusisahau tulipo. Hapa Tunduma, Nakonde ya Zambia ipo ng'ambo ya geti tu, kwacha na shilingi zinalala mfuko mmoja. DJ wa kuja kutoka Dar atakupigia Dar mwanzo mwisho, atashangaa mbona nusu ya bwalo imepoa. Weka Yo Maps. Weka Chile One. Ukipiga "Finally", ya Yo Maps na Macky 2, utasikia hata watoto wa Vwawa wanaimba Kibemba wasichokijua. Hizo ngoma zipe folda yake, na kila moja iandikie BPM na kii, uone ipi inakaa jirani na ipi. Seti ya Tunduma isiyo na Zambia ni ushamba, nasema wazi.

Kuna Patron sasa, mwalimu mlezi. Tai ya kitenge, anataka "muziki wa maadili", muziki wake wa mwisho kuupenda ulitokea kwenye redio ya mbao. Mcheke, lakini andaa vasheni safi, neno bovu likate mapema kwa mkono wako. BASATA waliifungia "Mwanza" ya Rayvanny na Diamond mwaka 2018. Wewe wa form foo ukipiga tusi moja unadhani utabakishiwa laptopu?

Jenereta lenyewe liko mikononi mwake. Ratiba inasema mwisho saa kumi na mbili jioni, ila saa kumi na moja na nusu Patron keshaanza kuzungukazunguka karibu na swichi. Kwa hiyo pini zako usizifungie kabatini. Singeli ya 224 iingie saa kumi na moja kamili. Bwana Sinki ataibania ya mwisho, na atazimiwa.