Istilahi Sanifu za Mtikisiko wa Ubongo kwa Watoto na Vijana

Kazi ya istilahi haiishii katika kukipa jina kitu kigeni. Hapana budi mipaka iwekwe baina ya dhana na dhana, ili watu wawili wanaotumia neno moja wawe na maana moja. Katika makala haya tutaitazama dhana ya tiba ambayo mipaka yake haijakaa sawa katika Kiswahili, nayo ni hali inayompata mtoto anapopigwa au kutikiswa kwa nguvu, ubongo ukasukwasukwa ndani ya fuvu na kazi zake zikavurugika kwa muda. Mifano tutaitoa katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako haja ya neno lenye maana moja yaonekana wazi.

Katika wilaya hizo hukutana lugha za jamii mbalimbali. Wairaqw husema lugha ya Kikushi, Wadatoga lugha ya Kiniloti, na Wanyiramba lugha ya Kibantu. Katika bonde la Yaeda wako Wahadzabe, ambao lugha yao haijathibitika kuwa na udugu na nyingine yoyote. Mama anayemleta mtoto zahanati, mwalimu aliyemwona akianguka, na tabibu anayempokea, huenda kila mmoja ana lugha yake ya nyumbani. Kiswahili ndicho kiungo chao. Mtoto akipelekwa kutoka zahanati ya kijiji hadi Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, iliyoanza kazi mwaka 1955, daktari atategemea maneno yaliyoandikwa katika barua ya rufaa. Ameanguka mtini, amepigwa teke na punda, ameanguka na bodaboda, au amegongana kichwa na mwenzake uwanjani: vyovyote iwavyo, swali ni lile lile. Aliyemwona wa kwanza aliiitaje hali yake?

Maneno yanayotumika ni haya:

(a) Jeraha la kichwa. Kwa watu wengi, jeraha ni ngozi iliyopasuka ikatoka damu. Mtoto asiyetoka damu huhesabiwa kuwa mzima. Kadhalika, ngozi ya kichwa yaweza kupasuka na ubongo ukabaki salama.

(b) Mshtuko wa ubongo. Neno mshtuko limekwisha kubebeshwa mizigo mingi: mshtuko wa moyo, mshtuko wa umeme, na mshtuko wa habari mbaya. Tena humwelekeza msikilizaji kwenye hofu.

(c) Kuzirai, au kupoteza fahamu. Hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi. Kuzirai ni dalili mojawapo tu, na wengi wanaopatwa na hali hii hawazirai kabisa. Mwalimu akiulizwa, "Je, alizirai?" naye akajibu, "La," mtoto hurudishwa mchezoni.

(d) Mtikisiko wa ubongo. Hili ndilo tunalopendekeza. Kutokana na tikisa twapata tikisika, na kutokana na tikisika twapata mtikisiko, yaani hali ya kitu kilichokwisha kutikiswa. Neno hili halidai damu wala kuzirai. Ni kweli kwamba husemwa pia mtikisiko wa uchumi, lakini maneno "wa ubongo" yanatosha kuondoa utata huo.

Fasili yake iwe hivi: jeraha la ubongo litokanalo na pigo la kichwa, shingo au mwili, ambalo huvuruga kazi ya ubongo, mara nyingi bila kuzirai na bila alama ya nje, na ambalo kwa kawaida halionekani katika picha za kawaida za ubongo.

Msomaji aweza kuuliza kama tofauti hizi zina uzito wowote nje ya kamusi. Nchini Kanada, msichana wa miaka 17, Rowan Stringer, alifariki mwaka 2013 baada ya kuumia kichwa zaidi ya mara moja, katika muda wa siku chache, akicheza raga. Mwaka 2018 jimbo la Ontario lilipitisha sheria yenye jina lake, inayotaka kila mchezaji anayeshukiwa kupata mtikisiko wa ubongo aondolewe uwanjani. Ubongo ambao haujapona ukipigwa tena, madhara yaweza kuwa makubwa mno.

Kwetu, neno linalosikika uwanjani ni "Jikaze!" Mbulu ni nyumbani kwa John Stephen Akhwari, aliyeanguka na kuumia goti katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akaendelea hadi mwisho, akawa wa 57 miongoni mwa 57 waliomaliza. Taifa linamheshimu, na ni haki yake. Walakini goti lililoumia huonekana, na mwenye goti aweza kupima maumivu yake kwa akili timamu. Mtoto aliyetikisika ubongo ameumia katika kile kile anachopimia. Kwa hiyo uamuzi wa kuendelea kucheza haupasi kuachwa mikononi mwake.

Yako maneno mengine matatu yanayohitaji uangalifu.

Kwanza, mapumziko. Shuleni, mapumziko ni saa ambayo watoto hukimbia na kucheza. Barua isemayo tu "apewe mapumziko" yaweza kueleweka kinyume. Twapendekeza mapumziko ya tiba: saa 24 hadi 48 za shughuli nyepesi zisizozidisha dalili, pasipo kumfungia mtoto gizani kwa siku nyingi.

Pili, kurejea kwa hatua. Darasani hutangulia, mchezo hufuata. Tamko la wataalamu waliokutana Amsterdam mwaka 2022 lataja hatua 6 za kurejea mchezoni, ambazo kwa kawaida kila moja huchukua siku moja au zaidi. Michezo ya kugongana hungoja idhini ya tabibu.

Tatu, kuchanganyikiwa. Katika masikio ya wengi neno hili hukaribia wazimu, na mzazi aweza kulikana kwa aibu. Katika fomu, yafaa kuuliza: Je, anajua yuko wapi? Anakumbuka alivyoanguka?

Dalili za hatari nazo ziandikwe kwa maneno ya kila siku: kutapika tena na tena, kichwa kinachozidi kuuma, degedege, usingizi usioamshika, mkono au mguu kulegea, mboni za macho kutolingana, maji au damu kutoka masikioni au puani. Mtoto mwenye hata moja kati ya hizo apelekwe hospitali upesi.

Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wazipime istilahi hizi katika barua, fomu na mafunzo yao. Tungependa hasa kusikia kutoka kwa walimu wa Mbulu na Hanang, watueleze wazazi huiitaje hali hii kwa Kiiraqw na Kidatoga, na kama fasili tuliyoitoa yaeleweka ikisomwa kwa sauti mbele yao.