Akiba ya Januari Huanza Agosti

Kila mwaka ni hadithi ile ile. Desemba tunaenda ushago na zawadi, tunachinja, tunapiga picha. Halafu Januari inatupata na karo, yunifomu, vitabu na kodi ya nyumba, zote kwa wiki moja. Ndiyo maana tuliibatiza Njaanuari. Lakini tarehe yake tunaijua mapema, si ndiyo? Basi tuhesabu pamoja, na simu yako iko hapo mkononi.

Anza na taarifa ya miamala yako ya mwezi uliopita. Kama unatumia M-PESA, piga *334# uiitishe. Usiandike bajeti kabla ya kuisoma. Bajeti ya kukisia huwa na unga, kodi, stima na nauli, basi. Taarifa inakuonyesha zile bando, soda ya kila saa kumi, na jamaa uliyemtumia 200 mara tatu. Bando ya bob 20 kila siku ni 600 kwa mwezi. Hatusemi uache kununua. Tunasema uione.

Ada nazo uziangalie. Kwa viwango vya M-PESA tunapoandika haya, kutoa kiasi chochote kati ya shilingi 101 na 2,500 kwa wakala ni shilingi 29. Anayetoa 500 mara nne analipa 116. Anayetoa 2,000 mara moja analipa 29. Hiyo tofauti ya 87 ni mboga.

Sasa tuje kwa jambo ambalo bajeti nyingi huliruka: watu wetu. Mama nyumbani, mdogo wako aliye chuo, na yale magrupu ya WhatsApp ya harusi, matanga na bili za hospitali. Ukijifanya hiyo pesa haiko, itatoka tu, na itatoka kwa akiba. Sisi tunaona ni heri uiandike juu kabisa, kando ya kodi. Tuseme mzazi 2,000, michango 1,000. Hiyo elfu ikiisha tarehe 15, unamwambia mweka hazina, "Mwezi huu nimefika mwisho, nitajipanga mwezi ujao." Si uchoyo. Na kama mko wawili, kubalianeni kiasi hicho mapema, kabla simu haijaanza kuita.

Kama una deni la Fuliza, lilipe kwanza. Ada yake huongezeka kadiri unavyokaa nalo, na pesa yoyote ikiingia kwa simu inakatwa kabla hujaigusa. Ni vigumu kupanga mshahara ambao nusu yake hutauona.

Turudi kwa Januari. Tuseme utahitaji 15,000. Kuanzia Agosti 1 hadi Desemba 31 ni siku 153. Ukiweka shilingi 100 kila siku utakuwa na 15,300. Ukingoja hadi Oktoba 1 zinabaki siku 92, na sasa ni kama 165 kwa siku. Ukingoja Desemba, ni karibu 485, wakati huo huo unatafuta nauli ya ushago.

Weka pesa hiyo asubuhi, au dakika ile malipo yanapoingia, si jioni ukiona kilichobaki. Na isikae kwa salio la matumizi, maana hapo italiwa tu. M-Shwari ina akiba ya kufungia, ambayo unachagua muda wake. Sacco au chama mnachoaminiana pia ni sawa.

Kama wewe ni fundi, mama mboga au wa boda, kuna siku hutapata kitu. Siku hiyo iruke, usikope ili uweke akiba. Siku kazi ikiwa nzuri, weka 300 na ufidie mbili ulizoruka.