Mzee na Usukani: Maswali ya Kujiuliza kabla ya Kuwasha Gari

Katika nyumba nyingi za Pwani yetu, gari la mzee si chombo cha safari tu. Ndilo limpelekalo msikitini, sokoni Kongowea na kuwazuru jamaa. Kumnyang'anya funguo ni kumnyang'anya sehemu ya hadhi yake. Ndiyo maana twaona ni bora mzee ajipime mwenyewe mapema, kuliko kungoja ajali imhukumu.

Umri peke yake haumzuii mtu kuendesha. Uingereza, leseni huisha mtu afikapo miaka 70, kisha huhuishwa kila miaka 3, mwenyewe akithibitisha kuwa afya na macho yake yangali yanafaa. Hakatazwi, hutakiwa kujitazama upya.

Nasi tuanze na macho. Mtoto wa jicho huzifanya taa za magari yajayo kuwa miale ya kupofusha. Presha ya jicho hula uoni wa pembeni kidogo kidogo, bila maumivu, hata mtu asijue kwamba hamwoni mwenye boda aliye ubavuni. Mwenye sukari anayetumia insulini aweza kuchanganyikiwa ghafla sukari ikishuka. Baadhi ya dawa za mafua na za mzio huleta usingizi. Tukumbuke kuwa gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita takriban mita 14 kila sekunde. Kuchelewa sekunde moja kukanyaga breki kwatosha kumfikia mtoto anayevuka kwenda madrasa.

Basi mzee wetu ajiulize kwa ukweli:

Je, baada ya Magharibi naiona barabara sawasawa?
Je, naweza kugeuza shingo nikatazama nyuma pande zote mbili?
Je, kukata kulia mbele ya magari yajayo kumeanza kunitisha?
Je, nimewahi kukanyaga mafuta nikidhani ni breki?
Je, gari lina mikwaruzo nisiyojua imetoka wapi?
Je, nimepotea katika njia niliyoizoea?

Jibu moja la kutia shaka ni sababu ya kumwona daktari na kupima macho. Huenda miwani mipya, upasuaji wa mtoto wa jicho au kubadilishiwa dawa kukatosha. Wengine hutosheka kwa kuacha safari za usiku, za mvua na za saa za msongamano. Lakini aliyekosea breki, au aliyepotea njia ya kwao, aweke funguo mpaka daktari aseme.

Kwenu wake na mabinti, ambao aghalabu ndio mnaokaa kiti cha kando: semeni naye faraghani, si mbele ya wajukuu, wala si katikati ya safari. Tajeni mliyoyaona, msitaje uzee. Na kabla ya kumwomba apumzike, pangeni nani atampeleka Ijumaa, nani kliniki, na tuktuk ipi ya kuaminika itakuja mlangoni. Mzee aachaye usukani asiachwe nyumbani.