Shamba lisiuzwe kwa ajili ya leza

Mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu hapa Githurai 45 alinijia majuzi na swali zito. Haoni ubao vyema bila miwani, na wenzake humcheka anapoivaa. Mamaye, muuza mboga sokoni, yu tayari kuuza kipande cha shamba kule Murang'a ili mwanawe apasuliwe macho kwa leza. "Mwalimu, auze?"

Nilimwambia la. Kijana ana miaka 16 tu.

Jicho lisiloona mbali aghalabu huwa limerefuka kupita kiasi, hivyo miale ya mwanga hukutana kabla ya kufika kwenye retina, ule utando wa nyuma upokeao picha. Leza haifupishi jicho. Huichonga konea, ngozi angavu ya mbele yenye unene wa takriban nusu milimita, ili miale iangukie mahali pake. Lakini jicho la kijana huenda bado linarefuka. Likichongwa leo, miwani yaweza kurudi kesho ilhali shamba limekwisha kwenda. Ndiyo maana madaktari hungoja mtu atimize angalau miaka 18, na vipimo vya miwani yake viwe vimetulia kwa mwaka mmoja hivi.

Lipo jingine linalonitia hofu zaidi. Vumbi la stendi na soko letu huwawasha macho watoto wenye mzio, nao huyafikicha mchana kutwa. Kufikicha huko huweza kuidhoofisha konea hata ikachongoka kama ncha ya yai. Konea ya namna hiyo ikipunguzwa unene kwa leza, huzidi kubenuka. Walimu wenzangu, mwanafunzi akibadilishiwa miwani mara kwa mara na bado haoni, msimwite mvivu. Apelekwe akapimwe umbo la konea. Kitengo cha macho cha Hospitali ya PCEA Kikuyu kipo, na ile ya Lions SightFirst kule Loresho pia.

Wala asinunuliwe miwani ya kando ya barabara. Nyingi ya hizo ni za kusomea, zinazotufaa sisi tuliopita miaka 40, ambao lenzi za macho yetu zimekakamaa. Kijana asiyeona mbali akizivaa, ubao humpotea kabisa.

Mama amekubali kungoja. Mwanawe huketi dawati la mbele, miwani usoni, ingawa kicheko hakijakoma.