Pazia Mbele ya Pazia

Gari linapopanda kutoka Mwanga mjini kwenda Ugweno, katika Milima ya Pare Kaskazini, joto la tambarare hubaki nyuma kona baada ya kona, na kufika Kifula abiria wameshavaa masweta. Asubuhi isiyo na ukungu, Kilimanjaro huonekana upande mmoja na theluji yake kileleni. Upande wa mashariki, chini kabisa, Ziwa Jipe hung'aa mpakani na Kenya. Mandhari ya namna hii watalii huyalipia hotelini. Mwalimu mpya aliyepangiwa shule ya huko huyapata bure dirishani kwake, ila kwanza itabidi ahangaike na blaindi.

Blaindi ni yale mapazia ya ofisini: vipande vyembamba vya plastiki, bati la alumini au kitambaa kigumu, vilivyopangwa kwa kulala au kwa kusimama, vinavyofunguliwa kwa kamba. Ikiwa mpya hupendeza. Ya nyumba ya kupanga mara nyingi si mpya. Ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya meno ya mvuta tumbaku. Vipande vitatu havipo, kimoja kimevunjika na kinaning'inia, na mpangaji aliyetangulia ameifunga kamba fundo ili upande wa kushoto usishuke. Mwenye nyumba yuko Dar es Salaam hadi Desemba, na kodi ya miezi sita imeshalipwa.

Kuing'oa ni kujitafutia maneno, na kuivumilia ni adhabu ya kila asubuhi. Iliyobaki ni njia ya tatu: kuificha kwa namna ambayo siku ya kuhama nyumba itarudi ilivyokuwa.

Blaindi hizi hazikufika milimani kwa bahati mbaya. Wapare wengi wanaofanya kazi au biashara mijini hujenga kwao, na Desemba hurudi kula sikukuu na wazee. Miezi mingine nyumba hufungwa, au hupangishwa kwa walimu, wauguzi na maofisa ugani. Mtoto wa nyumbani aliyezoea ofisi za mjini hujenga na madirisha ya mjini: vioo vya kusukuma vyenye fremu za alumini, na blaindi juu yake. Miaka kumi baadaye yeye bado yuko mjini, na jua limeshaimaliza plastiki.

Mababu hawakuwa na shida hiyo. Nyumba ya asili ya milima hii ilikuwa msonge wa nyasi usio na dirisha, moshi wa jiko ukijitafutia njia kwenye paa. Hata neno lenyewe, dirisha, lilikuja na lugha ya Kiajemi kupitia mwambao. Huko pwani, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na miji mingine ya kale, mafundi walitatua tatizo la jua na macho ya wapita njia kwa mbao. Walitengeneza vibao vya dirisha vyenye mbao nyembamba zilizolazwa, upepo upite na jirani asione ndani.

Blaindi ni binamu wa vibao hivyo. Mwaka 1769 Edward Beran wa London alisajili hataza ya blaindi za mbao nyembamba. Katika miaka ya 1930 zilifungwa kwenye majengo marefu ya Rockefeller Center, New York, na tangu hapo zikawa alama ya ofisi. Plastiki ilipokuja bei ikashuka, zikaingia majumbani, na uimara wa mbao ukabaki huko nyuma.

Kabla ya kushika nyundo, mpangaji aangalie mkataba. Sheria iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba Tanzania, ya mwaka 1984, ilifutwa mwaka 2005, kwa hiyo mambo mengi kati ya mpangaji na mwenye nyumba hutegemea walichokubaliana. Sheria ya Ardhi ya 1999 nayo huhesabu jengo, na kilichofungwa humo kwa kudumu, kuwa sehemu ya ardhi. Kwa lugha ya kawaida, fimbo ya pazia iliyochimbiwa ukutani kwa skrubu na saruji inaweza kuleta mabishano siku ya kuhama, na tundu lililobaki ukutani lina mwenyewe.

Wachagga, watani wa jadi, husema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe aendeshe kesi ya kuku. Ni utani tu, lakini mgeni anayepanga Ugweno hana sababu ya kuujaribu. Migogoro ya nyumba huweza kufika hadi Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na blaindi ya vipande ishirini haistahili safari hiyo. Mara nyingi funguo ziko kwa baba mdogo wa mwenye nyumba anayekaa jirani. Shikamoo moja, maelezo mafupi na simu kwa mwenyewe Dar es Salaam humaliza jambo kabla halijaanza.

Mwenye nyumba akiruhusu blaindi ishushwe, kazi ni nyepesi. Blaindi nyingi za kulala hukaa kwenye vishikio viwili vya pembeni vyenye kifuniko kidogo mbele. Kifuniko hufunguliwa, boriti ya juu ikavutwa, na blaindi nzima ikatoka huku vishikio vikibaki ukutani. Inavingirishwa ndani ya shuka kuukuu, inaandikwa ni ya chumba gani, inawekwa juu ya kabati. Isiwekwe stoo chini, panya hupenda kamba zake.

Akikataa, au asipopatikana, ndipo ufundi unapoanza.

Blaindi za kusimama, zile za vipande vipana vya kitambaa kigumu, ndizo rahisi kuliko zote. Kila kipande kimening'inia kwenye kibanio kinachotembea juu ya reli. Vipande vyote huchomolewa kimoja kimoja na kukunjwa kama mkeka. Kisha kitambaa chepesi, kwa mfano shiya, hushonewa vitanzi vidogo na kutundikwa kwenye vibanio vilevile. Reli ya mwenye nyumba imebaki, kamba yake bado inafanya kazi, na dirishani sasa kuna pazia.

Za kulala huvutwa hadi juu kabisa na kufungwa kwa utepe, zibaki furushi moja jembamba. Furushi hilo hufunikwa na kitambaa kipana cha sentimita 30 hivi, kinachovishwa juu ya boriti ya blaindi na kushikwa kwa vibanio vya nguo kwa nyuma. Atakayeingia ataona boksi la pazia, si plastiki ya njano. Chini yake hupita pazia kwenye waya wa pazia, ule wenye springi uliovikwa plastiki. Badala ya kuchimba ukuta, ncha zake hufungwa kwenye pembe za juu za nondo za dirisha. Madirisha ya Tanzania karibu yote yana nondo za kuzuia wezi, na mwizi akishazuiwa, hakuna ubaya nondo zikishika na pazia. Pasipo nondo za kufikika, fimbo ya kukaza yenye springi ndani hubanwa kati ya kuta mbili za dirisha bila msumari hata mmoja. Waya na fimbo hizi vyote ni vya kitambaa chepesi. Pazia zito litavilegeza ndani ya wiki.

Kuhusu kitambaa, hesabu ya mafundi cherehani ni kwamba upana wa pazia uwe karibu mara mbili ya upana wa dirisha, ili likifungwa bado liwe na mikunjo. Pazia lililotanuliwa likabana kama ngozi ya ngoma huonyesha kila kilichofichwa nyuma yake. Likiwezekana lishuke chini ya kizingiti, kwa sababu dirisha dogo lenye pazia refu huonekana kubwa.

Doti moja ya kanga hutosha dirisha la chumba cha kulala. Kanga ina urefu wa karibu sentimita 150 na upana wa karibu 110. Zikisimamishwa mbili sambamba hupatikana upana wa sentimita 220, unaotosha dirisha la sentimita 120 na mikunjo yake. Zikisimamishwa hivyo, jina la kanga nalo husimama wima, jambo la heri pale dirisha linapotazamana na la jirani. Zikilazwa, ujumbe husomeka, na mpangaji mgeni achague vizuri anachomwambia jirani. Anayetaka kitu kizito zaidi hupata mapazia ya mtumba mjini Moshi, katika soko la Memorial, akayakata kwa kipimo chake.

Kwenye uzito wa kitambaa ndipo Ugweno na Same, wilaya ya jirani, zinapoachana. Zamani zote zilikuwa wilaya moja ya Pare, ikagawanywa mwaka 1979 kuwa Mwanga na Same, lakini hali ya hewa ilikuwa imeshazigawa kitambo. Milima ya Pare Kaskazini hufika mita 2,113 kwenye kilele cha Kindoroko, na ukungu wake huingia hadi sebuleni. Kioo hutoka jasho asubuhi, na pazia zito linalogusa kioo huota madoadoa meusi ya ukungu wa kuvu. Huko kitambaa kiwe cha pamba nyepesi, kikae mbali na kioo kwa upana wa kiganja, na jua likitoka kianikwe.

Same mjini adui ni jua na vumbi. Mji umekaa upande mkavu wa milima, na upepo wa mchana huleta udongo mwekundu hadi kwenye sukari. Pale blaindi mbovu inaweza kuachwa imefungwa nyuma ya pazia ipunguze joto, na kanga ishonewe shuka jeupe upande wa nje, vinginevyo rangi itapauka kabla ya mwaka. Same pia huweza kufanyika jambo ambalo Ugweno halitadumu: kubandika kitambaa chepesi moja kwa moja kwenye kioo kwa uji wa wanga wa mahindi. Hukauka, huzuia macho ya watu, na siku ya kuhama hubanduliwa kwa maji ya uvuguvugu bila kuacha alama. Milimani unyevu ungekibandua wenyewe, kama kuvu haijakiwahi.

Usafi nao una sababu yake. Mwaka 1996 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa za majumbani ilitangaza kuwa blaindi za plastiki zilizoagizwa kutoka China, Taiwan, Indonesia na Mexico zilikuwa na madini ya risasi, yaliyowekwa kuimarisha plastiki. Jua na joto vilipoichakaza plastiki, vumbi lenye risasi lilitokea juu ya vipande, na mtoto aliyevishika kisha akalamba vidole alilimeza. Blaindi kuukuu inayotoa unga mweupe isipanguswe kwa ufagio mkavu. Ifutwe kwa kitambaa chenye maji na sabuni, mikono ioshwe, na kama nyumba ina watoto wadogo, mwenye nyumba aombwe iondoke kabisa.

Kamba ni hatari ya pili. Watoto wamewahi kunyongwa na vitanzi vya kamba za blaindi, na ndiyo maana tangu mwishoni mwa 2018 viwango vya Marekani vinataka blaindi zinazouzwa zikiwa tayari dukani zisiwe na kamba inayofikika. Inayoning'inia ifungwe juu, kimo asichofika mtoto hata akipanda kitandani, na kitanda chenyewe kisogezwe mbali na dirisha.

Hatari ya tatu ni ya milimani hasa. Juni na Julai, baridi ya Ugweno inapokaza, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga kila upenyo. Moshi wa mkaa una hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, na waliolala nayo huenda wasiamke. Pazia zuri linaloziba dirisha lote huongeza hatari hiyo. Jiko la mkaa halina nafasi ndani ya chumba cha kulala, na sehemu ya juu ya dirisha yenye wavu wa mbu ibaki wazi usiku kucha. Kwa hiyo boksi la kitambaa lisishuke hadi likafunika wavu.

Gharama ya yote haya ni waya, doti moja, uzi na nusu siku ya fundi cherehani. Kinachosahaulika ni karatasi. Anayehamia leo, Kifula au Same, apige picha ya kila dirisha kabla hajaingiza kitanda, aandike vipande vingapi vya blaindi vilikosekana na vingapi vilivunjika, kisha aweke saini yeye na mwenye funguo. Nakala moja abaki nayo. Siku ya kuhama, blaindi itarudishwa mahali pake na kuhesabiwa mbele ya baba mdogo, na pazia na waya wake vitaingia kwenye kiroba pamoja na sufuria.