Watoto washakuwa wakubwa? Wapakie melini!

Leo tuingie majini. Wenzetu wa Ulaya na Marekani likizo ikifika, baba, mama na watoto wanapanda meli ya starehe, wanazunguka baharini wiki nzima, kula na kulala humo humo. Ipo moja inaitwa Icon of the Seas, imeanza kazi mwaka 2024, inaweza kubeba abiria zaidi ya 7,000. Hiyo si meli, ni tarafa!

Lakini sisi watu wa Kapalamsenga, kule Katavi, ukanda wa Ziwa Tanganyika, mambo ya meli hatuhadithiwi. Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma na kuungwa upya. Mwaka 1916 Wajerumani waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue. Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini. Kampuni iliyoijenga, Meyer Werft, ndiyo hiyo hiyo ambayo miaka hii imekuwa ikiunda meli za starehe za matajiri. Kwa hiyo Liemba ni dada yao mkubwa, ila tu yeye kaolewa kijijini.

Bibi huyo alikwishachoka, akaacha safari zake, na mkataba wa kumkarabati ukasainiwa mwaka 2023. Ndiyo maana nyumbani kwangu tumepanga kakruzi kadogo ka mfukoni: treni kutoka Dar kupitia Tabora hadi Mpanda, gari hadi Kapalamsenga, kisha siku moja ya boti kutoka Karema, tukiambaa na ufukwe.

KWA NINI SASA?

Binti yetu yuko kidato cha sita, kaka mtu kamaliza cha nne. Mwezi wa tano binti anafanya mtihani, halafu JKT, halafu chuo. Mtoto akishaingia chuo, ndugu yangu, unabaki kumwona kwenye simu anapoomba hela. Desemba hii ndiyo nafasi tuliyobakiwa nayo ya kukaa wanne sehemu moja bila mtu kukimbilia tuisheni.

Desemba ni mvua, barabara huwa matope. Lakini kiangazi nako kusi huvuma na ziwa huchafuka. Chagua shida yako.

KIKAO KILIWAKA

Usidhani walishangilia. Dogo alinitazama, akasema: "Mshua, hiyo ni kruzi au ni kwenda kumsalimia bibi?" Binti akauliza kama mtandao unashika. Mama watoto akasema yeye boti hapandi.

Hapo utani uliisha. Mama watoto hajasahau Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipozama Ziwa Victoria na watu zaidi ya 800 kupoteza maisha. "Baba watoto," akaniambia, "wanangu ndio hawa wawili. Sina wa akiba."

Sikubishana naye. Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal. Si la kuingia kwa ubishi. Tukakubaliana masharti yake: jaketi la kujiokolea kwa kila kichwa, hakuna safari ya usiku, chombo kikijaza tunashuka, na yeye akisema "leo hapana", hakuna rufaa.

Kisha tukagawana kazi. Binti akakabidhiwa mfuko: nauli, malazi, msosi, na akiba ya kukwama njiani. Vyumba viwili, mama na binti, mimi na dogo, maana kaka na dada wa umri huo huwalazi chumba kimoja. Dogo, yule yule aliyekuwa amenuna, akapewa usafiri.

Sasa sikia. Dogo akapiga simu kwa baba yake mdogo huko ziwani kuulizia boti. Akarudi na kikaratasi: abiria ishirini, majaketi matano. Nikamwuliza anaonaje. Akajibu, "Hiyo hatupandi, tafuta nyingine." Mama watoto akacheka kwa mara ya kwanza tangu kikao kianze.

Wewe mzazi kijana, shika hilo. Kijana wa miaka kumi na saba ukimpangia safari, atakufuata kama mzigo. Mpe kazi yenye uzito, hata kama atakosea bajeti, na umwachie siku moja ya kwake, alale mpaka saa sita au akacheze mpira na wenzake wa kijijini. Na wewe ambaye ndiyo unapangiwa safari na wazee, usinune. Hiyo nafasi hairudi.

Mpaka naandika haya tarehe ipo, treni ipo, boti dogo bado anatafuta. Asipoipata yenye majaketi, tutakaa ufukweni tule migebuka. Wanne, kama tulivyokubaliana.